Barua Zisizotoka: Historia ya Seva za Barua Pepe za Taasisi Nchini Tanzania, Ikitazamwa kutoka Nyakato, Musoma

Taasisi moja ya mafunzo iliyopo kata ya Nyakato, Manispaa ya Musoma, ambayo jina lake halitatajwa hapa, iliwahi kuendesha seva yake yenyewe ya barua pepe. Seva hiyo ilipokea barua kutoka popote bila shida. Zilizokwama ni barua za kutoka. Maelekezo ya kujiunga yaliyotumwa kwa wazazi wa Bunda na Butiama hayakufika, na baadhi yao wakalazimika kupanda basi hadi Musoma kuuliza kama watoto wao walichaguliwa, ilhali majibu yao yalikuwa yamelala katika foleni ya seva kwa siku kadhaa. Mwandishi wa insha hii alikuwa miongoni mwa walioitwa kutafuta chanzo. Tulikuta vikwazo vinne, kimoja nyuma ya kingine, na kila tulipoondoa kimoja kilichofuata kilijitokeza.

Maelezo yaliyozoeleka ni kwamba hali kama hiyo hutokana na upungufu wa ujuzi wa fundi. Insha hii haikubaliani na maelezo hayo, walau si kwa ukamilifu wake. Kila kikwazo kilichokutwa Nyakato kina tarehe yake katika historia ya mawasiliano, na vikisomwa kwa mfuatano vinaonesha jinsi mzigo wa kuthibitisha uaminifu ulivyohama polepole kutoka kwa mpokeaji hadi kwa mtumaji. Hapo mwanzo barua ya Mtanzania ilizuiwa na waya. Leo inazuiwa na shaka.

Itifaki ya kupeleka barua pepe inayotumika hadi sasa iliandikwa na Jon Postel na kutolewa Agosti 1982, katika waraka uitwao RFC 821. Iliandikwa kwa ajili ya jamii ndogo ya vyuo na maabara zilizofahamiana. Seva iliyopokea barua isiyo yake ilitarajiwa kuipitisha mbele, kama msafiri anavyopokea bahasha ya jirani na kuifikisha mjini. Hakuna aliyeulizwa yeye ni nani. Programu ya Sendmail ya Eric Allman, iliyotawala kazi hiyo kwa miaka mingi, iliruhusu upitishaji huo bila masharti hadi toleo la 8.9 la mwaka 1998. Yaani ukarimu ndio uliokuwa kanuni.

Afrika Mashariki haikuingia katika jamii hiyo kwa mlango wa mbele. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 barua pepe za eneo hili zilisafiri kwa FidoNet, mtandao uliobuniwa na Tom Jennings huko Marekani mwaka 1984, ambamo kompyuta moja hupigia nyingine simu kwa modemu, zikabadilishana mafurushi ya barua, kisha zikakata. Nairobi iliunganishwa hivyo na GreenNet ya London. Mradi wa ESANET, uliofadhiliwa na shirika la utafiti la Kanada la IDRC, uliviunganisha vyuo vikuu vya Nairobi, Makerere, Dar es Salaam, Zambia na Zimbabwe. Katika Hospitali ya Muhimbili, HealthNet ilitumia njia ya ajabu zaidi: setilaiti ndogo ya HealthSat-2, iliyorushwa Septemba 1993, ilipita juu ya anga kwa dakika chache tu kila mara, ikipokea barua za madaktari na kuwashushia zao kabla ya kutoweka upeoni.

Ni vema kuitazama kwa makini hali hiyo, kwa sababu wengi huikumbuka kama enzi ya umaskini wa vifaa. Ilikuwa hivyo kweli. Simu kutoka Musoma hadi Dar es Salaam ilitozwa kama simu ya masafa marefu, na laini ilikatika katikati ya furushi. Hata hivyo, mtumaji aliyefanikiwa kulifikisha furushi lake kwenye kituo cha kwanza alikuwa amemaliza kazi. Kituo kilichompokea kilimjua, nacho kilijulikana na kilichofuata. Barua ilichelewa, lakini haikutuhumiwa.

Kikoa cha .tz kilikabidhiwa mwaka 1995 na kusimamiwa kutoka Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kuanzia hapo, kinadharia, taasisi yoyote nchini iliweza kuwa na jina lake na posta yake. Kiutendaji, ilikosa kitu kimoja: anwani ya namba, yaani anwani ya IP, iliyo chini ya mamlaka yake. AFRINIC, msajili wa anwani za bara zima mwenye makao yake Mauritius, alitambuliwa rasmi Aprili 2005 tu. Kabla yake anwani za Afrika zilitolewa na wasajili wa mabara mengine. Aidha, taasisi nyingi zilizounganishwa kwa VSAT zilitumia anwani za kampuni za setilaiti za ng'ambo. Kabla ya kituo cha kubadilishana mawasiliano cha TIX kuanza kazi Dar es Salaam mwaka 2004, hata barua iliyotoka kwa mteja wa mtoa huduma mmoja kwenda kwa mteja wa mwingine, wote wakiwa jijini, iliweza kupanda angani na kuzunguka Ulaya au Marekani kabla ya kufika mtaa wa pili.

Mkongo wa SEACOM ulipofika mwaka 2009, kikwazo cha waya kilianza kulegea. Lakini wakati huo ulimwengu wa barua ulikuwa umekwisha kubadilika. Barua taka ziliufanya ukarimu wa mwaka 1982 kuwa hatari. Paul Vixie na wenzake walianzisha orodha nyeusi ya MAPS mwaka 1997, na Spamhaus ikafuata mwaka 1998. Orodha hizo hazikutazama barua bali anwani ilikotoka. Ikiwa jirani yako katika kundi lilelile la anwani alikuwa na kompyuta iliyoambukizwa virusi, nawe ulihesabiwa naye. Kisha vikaja vyeti. SPF, waraka wa mwaka 2006, ni tangazo la kikoa linalotaja seva zinazoruhusiwa kutuma kwa jina lake. DKIM, wa mwaka 2007, ni saini ya kidijitali juu ya barua yenyewe. DMARC, wa mwaka 2015, humweleza mpokeaji afanye nini viwili hivyo vikishindwa.

Turudi Nyakato. Kikwazo cha kwanza kilisomeka katika kumbukumbu za seva: kila jaribio la kufika nje kupitia mlango namba 25 liliisha muda bila jibu lolote. Mtoa huduma aliufunga mlango huo kwa wateja wake wote, hatua ya kawaida duniani ya kuzuia kompyuta zilizoambukizwa zisimwage barua taka. Hili ndilo lililoeleza kwa nini barua za kuingia hazikuathirika: zilitumia mlango uleule, lakini kwa kuelekea ndani. Kanuni hushauri seva iendelee kujaribu kwa siku nne au tano kabla ya kumrudishia mtumaji barua yake. Mhazini, kwa hiyo, aliona kila kitu ni shwari kwa siku zote hizo. Ukimya huu ndio uliowagharimu wazazi nauli.

Mlango ulipofunguliwa, jibu lilikuja upesi, nalo lilikuwa namba 550, yaani kataa la kudumu. Seva za wapokeaji zilitafuta jina la anwani yetu katika rekodi ya kinyume na kukuta jina la jumla la mtoa huduma. Rekodi hiyo huandikwa na mwenye anwani, si na mpangaji. Tulisubiri wiki mbili ili mtu mmoja Dar es Salaam aandike mstari mmoja. Kikwazo cha tatu kilikuwa kosa letu wenyewe, na ni haki kulikiri: SPF ya taasisi bado ilitaja anwani ya zamani, ya kabla ya kubadili huduma. Cha nne hakikuwa na namba. Barua zilipokelewa, kisha zikawekwa katika kapu la barua taka, kwa sababu anwani mpya haikuwa na sifa yoyote, mbaya wala nzuri. Fundi hana amri ya kuondoa kikwazo cha aina hii. Sifa hujengwa kwa kutuma barua zinazosomwa, na barua zilizo kapuni hazisomwi.

Masharti yamezidi kukaza. Tangu Februari 2024 Google na Yahoo humtaka kila mtumaji awe na SPF au DKIM pamoja na rekodi sahihi ya kinyume, na anayetuma barua kwa wingi (kwa Google, kuanzia takriban 5,000 kwa siku) awe navyo vyote viwili na DMARC juu yake. Kwa upande wa Serikali, Wakala ya Serikali Mtandao, iliyoanza kazi mwaka 2012 na kufanywa Mamlaka kwa sheria ya mwaka 2019, ilikusanya barua za ofisi za umma katika mfumo mmoja, GMS. Uamuzi huo una mantiki: sifa moja inayolindwa na wengi hudumu kuliko sifa mia za wapweke. Taasisi binafsi ya Nyakato haikuwa na kivuli kama hicho.

Hatimaye seva ya Nyakato haikuzimwa. Iliendelea kupokea barua zake na kuzihifadhi Musoma, bali za kutoka zilikabidhiwa kwa seva ya kampuni kubwa, kwa ada ya kila mwezi, ili izifikishe kwa sifa yake. Kwa mtazamo wa kihistoria, huo ni mpangilio wa FidoNet uliorudi: furushi linapelekwa kwenye kituo cha kwanza kinachojulikana, nacho ndicho kinachoulizwa mbele ya safari. Tofauti ni kwamba kituo cha wakati ule kiliendeshwa na vyuo na mashirika ya kujitolea, na aliyekiendesha aliweza kupigiwa simu. Maelekezo ya kujiunga ya muhula uliofuata yalifika Bunda na Butiama siku ileile yalipotumwa. Ada ya kampuni hiyo sasa ipo katika bajeti ya taasisi, mstari mmoja chini ya umeme.