Pikipiki Katika Njia ya Mbegha

Mbegha alikuwa kigego. Kwa msomaji wa mjini asiyelijua neno hilo, kigego ni mtoto aliyetangulia kuota meno ya juu, na zamani kule Nguu mtoto wa namna hiyo alihesabiwa kuwa nuksi. Ndugu zake wakamnyima urithi. Akachukua mbwa wake na mikuki yake, akashika pori. Akafika Kilindi, akapatana na mtoto wa mtawala wa pale, wakawa wanawinda pamoja mpaka siku moja nguruwe mwitu akamuua yule rafiki. Mbegha hakungoja kuulizwa. Akatoroka usiku, akauvuka mto Pangani, akapiga kambi milimani Usambara. Wenyeji wakauona moshi wake, wakaja kutazama ni nani. Yeye anayo nyama, wao wanacho chakula cha shamba. Biashara ikaanza pale pale. Kutoka hapo akapokewa Bumbuli, na kutoka Bumbuli akaitwa Vuga. Njiani akaua simba, na waliomrithi wakaitwa Simba Mwene.

Wanahistoria huiweka habari hiyo katika karne ya 18. Wapo watakaosema ni ngano tupu, na mimi sigombani nao. Sisi tunaohangaika na kalamu tuna sababu nyingine ya kuipenda: iliandikwa kwa Kiswahili, na mtu wa huku huku. Abdallah bin Hemedi alikuwa karani wa mtawala wa Kikilindi, Semboja, akasikiliza wazee, akaandika Habari za Wakilindi, kitabu kilichopigwa chapa vipande vipande na wamisionari wa Magila kati ya 1895 na 1907. Humo watu wanasemezana, wanadanganyana, wanaogopa. Ukiambiwa riwaya yetu ilianza na wasomi wa mjini, kamtafute kwanza karani huyu.

Basi nikaamua kuifuata njia yenyewe. Nguu ya Mbegha leo iko wilaya ya Kilindi, iliyomegwa kutoka Handeni mwaka 2002, lakini mfuko wangu uliniruhusu kuanzia Handeni mjini tu. Kijana mmoja mwenye pikipiki akanitazama miguuni mpaka kichwani.

"Kaka, huko Vuga una msiba?"

"Sina msiba. Kuna kitabu nimekisoma."

"Haya. Na hicho kitabu ndicho kitanunua mafuta?"

Kutoka Handeni mpaka Korogwe ni kilomita 65, lami tupu. Ukishalivuka daraja la Pangani ukaingia Korogwe, uko kama mita 300 tu juu ya usawa wa bahari, joto linakupikia shati mgongoni, na milima imesimama mbele yako kama ukuta. Usambara haina ziwa kileleni kama Ngosi kule Rungwe, maana milima hii haikuzaliwa na volkano. Maji yake imeyaficha misituni, yanachuruzika taratibu mpaka Lwengera na Mkomazi, na mito yote hiyo miwili inamwagia Pangani. Ndiyo maana watawala wa Vuga waliogopwa zaidi kwa mvua kuliko kwa mikuki. Mfalme aliyeridhika aliiponya nchi, na aliyekasirika aliiharibu kwa ukame. Ndivyo Wasambaa walivyoamini, na kodi ikapanda mlima.

Kupanda, hapo ndipo penyewe. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, aliyetawala mpaka alipokufa mwaka 1862, kila mwenye shida alipanda. Ng'ombe na pembe za ndovu zilipanda. Mmisionari Krapf alipanda mwaka 1848, akarudi tena 1852, kuomba ruhusa ya kuleta dini. Burton na Speke walitoka Pangani Februari 1857, wakapita huku Korogwe na kupanda kwa miguu mpaka Vuga, wakamkuta mzee mgonjwa anayetaka dawa ya kumrudishia ujana. Hawakuwa nayo. Mzungu mwenye barua za wakubwa alilazimika kutweta kama mchukuzi wake, na mwenye mlima amekaa tu juu anamngoja.

Lakini bunduki hazikupanda. Wazigua wa nyanda za Handeni walikuwa karibu na wafanyabiashara wa pwani, wakazipata mapema, na Kimweri akabaki na heshima ya mvua. Aliyeelewa mambo ni mwanawe, Semboja, huyo huyo bosi wa karani wetu. Alikaa Mazinde, tambarare, mguuni pa mlima, palipopita misafara ya pembe na watumwa. Kimweri alipokufa, kiti cha Vuga kilimwangukia mjukuu wake Shekulwavu. Semboja akampiga vita na kumwondoa. Sasa we fikiria: mtu ameshinda, Vuga iko mikononi mwake, na hapandi! Alimweka huko juu mwanawe, Kimweri Maguvu, yeye akabaki Mazinde kwenye baruti na vitambaa. Mimi naona siku ile ndipo Vuga ilipokufa, miaka mingi kabla Mjerumani hajamnyonga mtawala wake Mputa mwaka 1895.

Mjerumani alimalizia tu. Reli kutoka Tanga ilifika Korogwe mwaka 1902 na Mombo 1905, ikapita chini kwa chini kuelekea Moshi. Mkonge ukapandwa tambarare. Vijana wa mlimani wakateremka kutafuta mshahara wa kulipia kodi ya kichwa. Barabara kuu ya lami nayo ikafuata bonde hilo hilo. Kwa zaidi ya miaka mia, mwenye akili aliteremka, na aliyepanda alikuwa anarudi kuzika. Swali la dereva wangu halikuwa la kijinga.

Mombo tukaanza kupanda. Mpaka Soni ni lami ya kona juu ya kona, korongo upande mmoja na jabali upande wa pili, halafu ukiiacha lami inakuja njia nyekundu ambayo mvua ikinyesha basi hata kujaribu halijaribu. Na hapo ndipo nilipoziona pikipiki. Serikali ilizitungia kanuni za kubeba abiria mwaka 2010, wakati tayari zimejaa kila kijiji. Zinapanda na chumvi, dagaa, saruji mfuko mmoja mmoja, mama mjamzito katikati ya watu wawili. Zinateremka na matenga ya nyanya, kabichi, matunda damu. Wanaoziendesha ni vijana walioishia darasa la saba au kidato cha nne kama mimi, na mjini huitwa wahuni. Gari kubwa lilishindwa njia hii, na treni haikuitaka.

Vuga tulimkuta bibi mmoja akianika maharage. Tukamwamkia, akaitikia, "Marahaba wajukuu zangu," kisha hakutazama uso wangu wala daftari langu. Alitazama nyuma ya pikipiki, palipofungwa mzigo, akauliza tumepanda na nini.

Dereva akafungua kamba. Kumbe wakati nakunywa chai Mombo, alinunua dagaa.