Kifungu cha 44 na Kimya cha Waziri

Anayelipa mkopo wa nyumba Kitengela au Ruiru hupata habari kwa ujumbe wa simu: kuanzia mwezi ujao, riba ya mkopo wako imepanda. Ujumbe hauombi ridhaa yake. Mkataba aliotia saini uliiruhusu benki kubadili riba kadiri itakavyoona inafaa, na hatimiliki ya nyumba imefungiwa kabatini mwa benki hiyo hiyo. Kuhamia benki nyingine kunadai wakili, mthamini na ada za usajili, gharama ambazo mtu aliyekwisha kubanwa na riba hana pa kuzitoa.

Hesabu yake inatisha. Mkopo wa shilingi milioni 5 wa miaka 20, kwa riba ya asilimia 14, hulipwa shilingi 62,176 kwa mwezi. Riba ikifika asilimia 20, malipo yanapanda hadi shilingi 84,941. Wakenya wamewahi kuishi na kiwango hicho. Kati ya Oktoba na Desemba 2011, Benki Kuu ilipandisha riba yake ya msingi kutoka asilimia 7 hadi 18 ili kuzuia mfumuko wa bei na kuporomoka kwa shilingi, na mwanzoni mwa 2012 wastani wa riba za mikopo ya benki ulifika asilimia 20. Kwa mkopo huo wa milioni 5, riba tupu ya mwezi wa kwanza ni shilingi 83,333. Kinachopunguza deni lenyewe ni shilingi 1,608. Mwenye mkopo akiendelea kulipa zile 62,176 za zamani, deni lake linavimba kwa zaidi ya shilingi 21,000 mwezi huo, ingawa hajakosa kulipa hata siku moja.

Serikali haiwezi kudai kwamba haina uwezo. Kifungu cha 44 cha Sheria ya Benki kinakataza taasisi ya fedha kuongeza tozo zake kabla ya kupata idhini ya Waziri wa Fedha. Kwa miaka mingi mabenki yalishikilia kwamba riba si tozo, na kwamba tangu Julai 1991, riba zilipoachiwa soko, Waziri hana la kusema juu yake. Mwaka 2024, katika kesi ya Stanbic Bank dhidi ya kampuni ya Santowels, Mahakama ya Juu ilikata mzizi wa fitina: riba imo ndani ya kifungu hicho. Baada ya hukumu hiyo, mwenye mkopo alitarajia kanuni zinazoeleza benki itaombaje idhini, itatoa ushahidi gani, na yeye mlipaji atasikilizwa wapi. Kanuni za namna hiyo, zilizotungwa kwa ajili ya mkopo wa nyumba, hazijamfikia.

Kwa nini? Jibu moja limo katika vitabu vya Hazina Kuu yenyewe. Februari 2024 serikali iliuza hatifungani ya miundombinu ya miaka minane na nusu kwa riba ya asilimia 18.46, isiyotozwa kodi. Benki inayoweza kuvuna kiasi hicho kutoka kwa serikali haioni sababu ya kumkopesha mwalimu kwa asilimia 13. Waziri anayepaswa kuyabana mabenki ndiye anayeyategemea kuziba pengo la bajeti, na kwa mtu aliyekaa pande zote mbili za meza, kukawia kuamua kuna faida yake.

Watetezi wa kimya hiki hukimbilia mfano wa mwaka 2016, na mfano huo unastahili kujibiwa kwa haki. Sheria iliyosukumwa na mbunge Jude Njomo iliweka kikomo cha asilimia 4 juu ya riba ya Benki Kuu. Mabenki yakawafungia mlango wafanyabiashara wadogo, na ukuaji wa mikopo kwa sekta binafsi ukashuka chini ya asilimia 3 mwaka 2017. Kikomo kikafutwa Novemba 2019. Lakini funzo hilo linahusu mikopo mipya. Aliyekwisha kukopeshwa hawezi kunyimwa tena mkopo; fedha zilikwisha kutoka, nyumba ilikwisha kuwekwa rehani. Kumlinda asipandishiwe riba kiholela hakupunguzi hata shilingi moja ya mkopo wa mwingine. Mambo haya mawili yamechanganywa kwa muda mrefu mno, na anayeumia ni mwenye mkopo.

Upande wa riba kushuka nao una kisa chake. Kutoka Agosti 2024 hadi Desemba 2025 Benki Kuu ilipunguza riba yake ya msingi kutoka asilimia 13 hadi 9. Mabenki yalijikokota kiasi kwamba, mapema mwaka 2025, Benki Kuu ilitishia kuyatoza faini. Agosti 2025 ikatangaza mfumo unaofungamanisha riba na KESONIA, yaani kipimo cha riba ya mikopo ya usiku mmoja baina ya mabenki. Ni hatua njema. Hata hivyo, nyongeza ambayo kila benki huweka juu ya kipimo hicho imeachwa mikononi mwa benki yenyewe, na humo ndimo riba inamoweza kupandia tena.

Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila Mkenya haki ya makazi bora. Kwa jina la haki hiyo, tangu Machi 2024 mwajiriwa anakatwa asilimia 1.5 ya mshahara kwa ajili ya nyumba za gharama nafuu. Si haki serikali imkate kwa ajili ya nyumba za wengine kisha imwache peke yake nyumba yake mwenyewe inapokaribia mnada. Mwishoni mwa 2023 mikopo ya nyumba ilikuwa takriban 30,000 katika nchi ya watu zaidi ya milioni 50. Idadi hiyo haina uzito katika kura, lakini ni ndogo kiasi kwamba afisi moja ingeweza kuisimamia yote. Kamati ya Fedha ya Bunge la Taifa imwite Waziri, na imuulize maswali mawili: tangu hukumu ya 2024 amepokea maombi mangapi ya kupandisha riba chini ya kifungu cha 44, na amekataa mangapi?