Msingi, Nyumba na Gofu: Uainishaji wa Majengo ya Unguja na Nafasi Yake katika Historia ya Maktaba Huria za Programu za Kisayansi

1. Utangulizi

Historia ya programu huria za kisayansi imezoeleka kuandikwa kwa majina ya waasisi na tarehe za matoleo. Lugha ya Python ilitolewa kwa umma na Guido van Rossum mwaka 1991. Mwaka 1995 Jim Hugunin aliiandikia maktaba ya kukokotoa kwa safu za namba iliyoitwa Numeric, na mwaka 2006 Travis Oliphant akatoa toleo kamili la kwanza la NumPy, maktaba ambayo hadi leo hubeba sehemu kubwa ya ukokotoaji wa kisayansi. Maktaba ya aina hii ni hazina ya kanuni zilizokwisha kuandikwa na kujaribiwa, ili kila mtafiti asilazimike kuanza upya. Ikiwa huria, mtu yeyote anaweza kuisoma, kuitumia, kuirekebisha na kuisambaza.

Simulizi hiyo ni ya kweli, lakini haijitoshelezi. Inaeleza jinsi kikokotozi kilivyoundwa. Haielezi jinsi kinavyopata maana kinapofika mahali mahususi na kutakiwa kusema jambo kuhusu mahali hapo. Insha hii inachunguza mfano mmoja, nao ni Unguja tangu mwaka 2016, ambapo picha za angani za kisiwa kizima zilipigwa, zikawekwa wazi, kisha zikatumiwa kuifundisha kompyuta kutambua majengo. Hoja kuu ni kwamba maktaba hizo hazikuwasili Unguja zikiwa zimekamilika. Zililetwa zikiwa na hesabu tu. Ujuzi wa kutofautisha jengo na jengo uliongezwa ndani ya mradi wa Unguja, na ujuzi huo unastahili kuhesabiwa kuwa sehemu ya historia ya maktaba zenyewe.

2. Jengo kama suala la sheria kabla ya kompyuta

Kuainisha majengo si jambo geni katika mji wa Zanzibar. Katika enzi ya ukoloni wa Kiingereza, mji uligawanywa kimawazo na kiutawala katika pande mbili: Mji Mkongwe wenye majumba ya mawe, na Ng'ambo, upande wa pili wa hori, penye nyumba za udongo na makuti. Kanuni za ujenzi zilitofautisha nyumba na kibanda, na tofauti hiyo haikuishia kwenye maneno. Iliamua ni jengo lipi lina hadhi ya kudumu na lipi linaweza kuondolewa. Mwaka 1928 wakaazi wa Ng'ambo waligoma kulipa kodi ya viwanja kwa wenye ardhi, na mgomo huo ulidhihirisha kwamba swali la nani ana haki gani juu ya kiwanja alichojengea lilikuwa swali la kisiasa.

Mipango miji iliyofuata ilitengenezwa kwa sehemu kubwa na wataalamu wa kutoka nje. Lanchester aliandika mpango wake mwaka 1923, Kendall mwaka 1958, wataalamu wa Ujerumani Mashariki wakiongozwa na Scholz mwaka 1968, na wataalamu wa China mwaka 1982. Itikadi zao zilitofautiana sana. Walichofanana ni kwamba kila mmoja aliutazama mji kutoka juu ya ramani na kuamua ni kipi kihesabiwe kuwa jengo.

Mapinduzi ya mwaka 1964 yalibadili msingi wa umiliki. Ardhi iliwekwa chini ya Serikali kwa niaba ya umma, na wakulima wengi wakagawiwa eka tatu tatu. Sheria ya Umilikaji Ardhi ya mwaka 1992 iliendeleza kanuni hiyo ya ardhi ya umma huku ikitambua haki ya matumizi. Katika mfumo wa namna hii, alama inayoonekana juu ya ardhi huwa na uzito wa pekee. Msingi wa matofali uliochimbwa leo na kuachwa miaka mitatu ukisubiri fedha ni dai la mtu juu ya kiwanja, tena dai ambalo jirani na sheha hulisoma bila kuelezwa.

3. Kutoka picha za nyota hadi mapaa ya Unguja

Maktaba zilizotumika baadaye kuisoma picha ya Unguja zilizaliwa kwa haja nyingine kabisa. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, taasisi ya Marekani inayosimamia sayansi ya darubini ya Hubble iliona kuwa Numeric haimudu vizuri picha kubwa za anga, ikaandika maktaba mbadala iitwayo Numarray. Jumuiya ya watumiaji ikagawanyika pande mbili, na kazi ya Oliphant katika NumPy ilikuwa kuziunganisha. Kwa upande wa ramani, Frank Warmerdam alianza mwaka 1998 kuandika GDAL, maktaba inayoiwezesha kompyuta kusoma miundo mbalimbali ya picha zenye anwani ya kijiografia. Katika miaka ya 2010 ilifuata Rasterio, inayoifikisha kazi ya GDAL kwa mtumiaji wa Python katika umbo la safu za NumPy.

Uhamisho huo kutoka nyota hadi mapaa uliwezekana kwa sababu kwa kompyuta picha zote ni za namna moja. Picha ya rangi ni majedwali matatu ya namba, moja la wekundu, moja la kijani na moja la buluu, na kila kisanduku kina namba kati ya 0 na 255. Kanuni inayojumlisha au kulinganisha namba hizo haijui kama zimetoka kwenye kundi la nyota au kwenye bati la nyumba ya Mwanakwerekwe. Kutojua huko ndiko kunakoipa maktaba nguvu yake, na ndiko kunakoiwekea mpaka.

Mradi uliojulikana kimataifa kama Zanzibar Mapping Initiative ulianza mwaka 2016. Uliongozwa na Kamisheni ya Ardhi Zanzibar, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015, kwa ushirikiano na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA), Benki ya Dunia, na mashirika ya Drone Adventures na WeRobotics. Ulikuwa na mtangulizi jirani: Ramani Huria ya Dar es Salaam, iliyoanza mwaka 2015 kwa lengo la kukabiliana na mafuriko. Huko Zanzibar, badala ya kutegemea satelaiti au ndege za kawaida, mradi ulitumia ndege nyuki ndogo kupima visiwa vya Unguja na Pemba, eneo la zaidi ya kilomita za mraba 2,300. Wanafunzi wa SUZA walifunzwa kuzirusha ndege hizo na kuchakata picha zake. Kisanduku kimoja cha picha kiliwakilisha takriban sentimita 7 za ardhi, kiasi cha kuonesha ukingo wa msingi mpya.

Si kila hatua ilikuwa huria. Ndege zenyewe, aina ya eBee, zilikuwa bidhaa ya kibiashara ya kampuni ya Uswisi ya senseFly. Uhuria uliingia katika hatua ya matokeo: picha ziliwekwa katika hifadhi ya OpenAerialMap kwa leseni inayoruhusu matumizi ya wote mradi chanzo kitajwe. Kwa mara ya kwanza, mtafiti wa mahali popote aliweza kuikata sehemu ya Unguja kwa mistari michache ya Python na kuanza kuikokotoa.

4. Aina tatu za jengo

Mwaka 2018 picha hizo zilitumika katika shindano lililoitwa Open AI Tanzania. Washindani walitakiwa kuandika programu za akili mnemba zenye kutenda kazi mbili: kuchora mipaka ya kila jengo linaloonekana, na kuliweka jengo hilo katika mojawapo ya aina tatu, yaani msingi, jengo lisilokamilika, au jengo lililokamilika.

Kazi ya kwanza ni ya kijiometri, na kwa kiasi kikubwa hufanana popote duniani. Kazi ya pili ni ya kijamii. Mfumo wa kujifunza kwa mashine hauvumbui aina. Hufundishwa kwa mifano iliyokwisha kuwekewa majina na binadamu. Kabla programu yoyote haijaandikwa, wachoraji ramani walikuwa wamepitia picha na kuchora majengo kwa mkono, moja baada ya jingine, wakiamua hali ya kila moja. Mtu huyo ndiye aliyejua kwamba mistari minne ya kijivu isiyo na kivuli ni msingi, kwamba kuta zenye vyumba vilivyo wazi juu ni boma linalosubiri kuezekwa, na kwamba paa la makuti, hata likiwa na rangi ya udongo unaolizunguka, ni nyumba inayokaliwa.

Uteuzi wa aina hizo unaakisi namna Unguja inavyojengwa. Familia nyingi hujenga kwa awamu kadiri fedha inavyopatikana: kiwanja, msingi, kuta, kisha bati. Sensa ya mwaka 2012 ilihesabu watu 1,303,569 Zanzibar nzima, na ile ya mwaka 2022 ikahesabu 1,889,773. Ongezeko hilo hujionesha kwanza kama misingi pembezoni mwa mji, kabla halijawa nyumba na anwani. Ramani inayoonesha nyumba zilizokamilika tu huonesha mji wa jana. Ramani inayoonesha misingi huonesha mji unakoelekea, na humpa mpangaji nafasi ya kufikisha barabara na maji kabla watu hawajahamia.

Ulinganisho unaliweka jambo hili wazi zaidi. Mwaka 2021 kampuni ya Google, kupitia kituo chake cha utafiti cha Accra, ilitoa hazina huria ya mipaka ya majengo ya sehemu kubwa ya Afrika, iliyotokana na picha za satelaiti. Kila jengo limepewa umbo, mahali na kiwango cha uhakika, lakini si hatua ya ujenzi. Hazina hiyo ina eneo kubwa mno kuliko la Zanzibar, na kwa sababu hiyo hiyo haikuweza kubeba tofauti ambayo mchoraji wa Unguja aliiona kuwa ya lazima. Upana ulipatikana, maana ya msingi ikapotea.

5. Gofu na mipaka ya aina tatu

Hata hivyo, aina tatu hazikutosha. Uainishaji wa shindano ulichukulia kuwa jengo huenda upande mmoja tu, kutoka msingi hadi ukamilifu. Kiswahili kina neno kwa jengo linalorudi nyuma: gofu. Mji Mkongwe, ulioingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, una majumba ambayo dari zimeanguka huku kuta zikisimama. Likitazamwa kutoka juu, gofu la karne ya 19 na boma la mwaka jana huweza kufanana: yote mawili ni kuta bila paa. Kwa sheria na kwa hatima ya wakaazi, ni vitu viwili vinavyopingana. Kimoja ni mali inayoanza. Kingine ni urithi unaokwisha.

Kuporomoka kwa sehemu ya Beit al-Ajaib tarehe 25 Desemba 2020 kulidhihirisha uzito wa tofauti hiyo. Jumba lililojengwa na Sultani Barghash katika miaka ya 1880 lilitoka katika hali moja na kuingia nyingine kwa siku moja. Upungufu huu haukutokana na udhaifu wa NumPy wala wa Rasterio, kwa kuwa hesabu zilikuwa sahihi. Ulitokana na orodha ya majina kukosa jina moja ambalo lugha ya mahali ilikuwa nalo tayari.

6. Swali la utunzaji

Maktaba huria huishi kwa kutunzwa. Faida yake ilionekana hapa: mwaka 2021 kampuni ya senseFly ilinunuliwa na kampuni nyingine ya Marekani, na vifaa vya kibiashara hufuata maamuzi ya wamiliki wapya, GDAL na NumPy, zisizo na mmiliki wa kuuza, ziliendelea kupatikana kama zamani. Lakini kumbukumbu za utunzaji wa maktaba hurekodi msimbo. Aliyerekebisha mstari mmoja wa programu huandikwa jina lake milele, ilhali aliyeamua maelfu ya mara ni kipi msingi na kipi nyumba hubaki bila jina. Mfumo wa sifa wa programu huria, unaojivunia usawa, hautambui kazi hiyo kuwa uandishi.

Dalili za mabadiliko zipo. Mnamo Novemba 2023 mkutano wa kwanza wa DjangoCon barani Afrika ulifanyika Zanzibar. Django ni ya kujengea tovuti, si ya ukokotoaji wa kisayansi, hata hivyo ni zao la jumuiya hiyo hiyo ya Python, na kuwakutanisha watunzaji wake kisiwani kuliwaweka karibu na watumiaji ambao kwa muda mrefu walihesabiwa kuwa wapokeaji.

7. Hitimisho

Mfano wa Unguja unaonesha kuwa uhuria wa maktaba una tabaka mbili. La kwanza, la msimbo, limeandikiwa historia. La pili ni la majina ambayo kwayo msimbo huitazama dunia, nalo ndilo lililogusa haki za watu: lilikuwa kibanda na nyumba katika kanuni za kikoloni, likawa msingi na jengo lililokamilika katika data ya mwaka 2018. Tofauti ya vipindi hivi ni kwamba uainishaji wa pili uko wazi na unaweza kusahihishwa. Kuongeza gofu katika data hizo hakuhitaji kuandika NumPy upya. Kunahitaji picha zilizopo zirudiwe na watu wanaoujua Mji Mkongwe na mashamba ya Unguja, na kazi yao iandikwe kwa majina yao pale pale yanapoandikwa majina ya waandishi wa programu.