Mkunga Katika Njia ya Misafara ya Tabora: Amana, Ushahidi na Dhamana



Historia ya Uislamu wa Tabora imezoea majina ya wanaume: wafanyabiashara, maliwali, machifu na masheikh. Mkunga hatajwi, ilhali kila mmoja wao alipokewa duniani na mikono ya mwanamke. Katika makala hii tutamtazama mwanamke huyo kwa jicho la historia na la fiqhi, kwani wajibu wake ni mzito kuliko wengi wetu tunavyodhani.

Burton na Speke waliondoka pwani mwezi Juni 1857 wakafika Kaze, ambayo ni sehemu ya Tabora, tarehe 7 Novemba, siku ya 134 ya safari. Kiongozi wa msafara wao, Said bin Salim, baadaye alikuja kuwa Liwali wa Unyanyembe. Ndugu msomaji, piga hesabu. Mwanamke aliyeondoka pwani na mimba ya miezi mitano angejifungulia njiani, pengine Ugogo, pengine Mgunda Mkali, nyika iliyoogopwa kwa ukame wake.

Na wanawake walikuwemo. Mwanahistoria Stephen Rockel amebainisha kuwa misafara ya karne ya 19 ilikuwa na wake wa wapagazi, wapishi, na hata wanawake waliobeba mizigo kwa ujira. Walikuwemo pia waliotembezwa kama watumwa, na baadhi ya wenye misafara hiyo walikuwa Waislamu. Hilo nalo ni sehemu ya historia yetu na hatuna haki ya kulificha.

Uzazi wa safarini si jambo geni katika sheria yetu. Mwaka wa 10 Hijria, Mtume (s.a.w.) alipotoka Madina kwenda Hijja ya kuaga, Asma bint Umays (r.a.), mke wa Abubakar (r.a.), alijifungua Muhammad bin Abubakar pale Dhul-Hulayfa. Mtume (s.a.w.) alielekeza aoge, ajifunge kitambaa, kisha ahirimie. Wanazuoni wamejenga juu ya tukio hili hukumu za mwenye nifasi katika Hijja. Tunajifunza pia kwamba hali ya mzazi ilikuwa jambo la kuulizwa na kujibiwa, wala haikuonekana ni aibu ya kufichwa. Mkunga naye anajulikana katika sira: Bi Salma (r.a.), mke wa Abu Rafi', ndiye aliyempokea Ibrahim, mwana wa Mtume (s.a.w.).

Tuje kwenye fiqhi. Mambo ambayo kwa kawaida wanaume hawayaoni, kuzaliwa kwa mtoto likiwa mojawapo, huthibiti kwa ushahidi wa wanawake peke yao. Idadi ndiyo iliyokhitalifiwa: Imam Shafi ametaka wanawake wanne, Imam Malik wawili, na kwa Imam Ahmad mmoja mwadilifu anatosha. Abu Hanifa naye amemkubali mkunga mmoja katika kuthibitisha kuzaliwa, kwa masharti yake. Mtoto akilia kisha akafa, huoshwa, huswaliwa na hurithi. Na alichokirithi huenda kwa warithi wake. Ni nani aliyesikia kilio hicho usiku, ndani ya tembe, mlango umefungwa? Kauli ya mkunga huweza kuhamisha shamba zima kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine.

Katika Tabora ya karne ya 19 jambo hili lilikuwa zito zaidi. Watu wa pwani na Waarabu walioa wenyeji. Muhammad bin Juma, baba yake Tippu Tip, alimwoa Karunde, binti wa Mtemi Fundikira. Wengine waliweka masuria. Kisheria, mtoto wa suria aliyezaliwa na bwana wake ni huru, na mama huwa huru bwana anapofariki. Nasaba kwa baba ilitegemea kukiri kwa bwana, lakini kwamba mtoto huyu ndiye aliyezaliwa na mama huyu, na kwamba alizaliwa hai, hayo waliyajua wanawake waliokuwemo chumbani. Kisha Wajerumani wakaamuru kwamba watoto wa watumwa watakaozaliwa baada ya tarehe 31 Desemba 1905 watakuwa huru. Usiku mmoja tu ukatenganisha mtumwa na muungwana! Utumwa wenyewe ulifutwa kisheria Tanganyika mwaka 1922.

Reli ilifika Tabora mwaka 1912, na misafara ya miguu ikafifia. Mkunga hakuondoka. Leo ni muuguzi mkunga aliyesomea kazi hiyo, na Sheria ya Uuguzi na Ukunga ya mwaka 2010 inamtaka awe amesajiliwa na kupewa leseni. Hupima shinikizo la damu la mjamzito, hufuatilia uchungu kwa saa na kwa maandishi, huzuia damu isimwagike baada ya uzazi, humsaidia mtoto asiyepumua, na hutoa rufaa mapema mambo yanapomzidi. Hayo yanalingana na mafundisho yetu. Hadithi aliyoipokea Abu Daud inamtwika dhamana ya madhara mtu anayejitia utabibu bila kujulikana kwa ujuzi huo. Nia njema peke yake haimwondolei dhamana. Na siri za mwili wa mzazi ni amana.

Takwimu za kitaifa zinatia moyo: vifo vya uzazi vilikadiriwa kuwa 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015–16, na 104 katika ule wa 2022. Hata hivyo, utafiti huo wa 2022 unaonyesha karibu kizazi kimoja kati ya vitano hakikutokea kituoni. Damu ya uzazi huua kwa saa chache, haingoji kikao cha ukoo kimalize kujadiliana.

Imam Ghazali katika Ihyaa alilalamika kwamba utabibu ni fardhi kifaya, lakini watu waliuacha kwa wasiokuwa Waislamu huku wakisongamana katika masomo ya fiqhi. Karne tisa zimepita, na swali lake bado lipo misikitini mwetu. Tunasisitiza, na ni haki, mwanamke atibiwe na mwanamke pale anapopatikana. Je, ni mabinti wangapi wa msikiti wako waliopelekwa kusomea ukunga? Asipokuwepo mwanamke mwenye ujuzi, dharura humruhusu mwanamume kutibu kwa kadiri ya haja. Kumzuilia mzazi msaada mpaka afe hakumo katika sheria hii. Fardhi kifaya ikiachwa na wote, dhambi huwaenea wote wenye uwezo.

Waswahili husema uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Tuongeze kwamba mkunga ndiye shahidi wake. Imamu atakayeandaa khutba ya Ijumaa asiogope kulitaja jambo hili juu ya mimbari.

Allah (s.w.) awarehemu wakunga wa njia ile ambao majina yao anayajua Yeye peke yake, na awasahilishie wazazi wetu. Amin. Wallahu a'alam.