Jando la Masasi na Somo la Uanaume Shuleni

Hoja ya kwamba shule zifundishe uanaume si ngeni katika nchi ya Masasi na Newala. Vincent Lucas, askofu wa Masasi tangu 1926 hata 1944, hakulipiga marufuku jando la Wamakonde, Wamakua na Wayao. Alilitia sala za Kikristo mahali pa matambiko. Shuleni mvulana alijifunza kusoma na kuhesabu. Kumbini alifunzwa adabu, uvumilivu na wajibu wa mume. Mafunzo hayo yalisimama juu ya mamlaka ya wazee, siri, na wari kuingia na kutoka pamoja. Mwalimu akiyahamishia darasani, atachukua maneno, na mamlaka yatabaki kumbini. Kwa hiyo yafaa kuamua kwanza ni nani atakayefundisha, ndipo kitabu kitungwe.