Maji kwa Majeruhi: Askari Thomas Callan

Juu ya kilima hiki, usiku wa tarehe 25 Juni 1876, katika mapigano dhidi ya Walakota, Wacheyenne na Waarapaho, askari wa Rejimenti ya 7 ya Wapanda Farasi ya Marekani walichimba mahandaki kwa visu na vikombe vya bati. Kulipopambazuka maji yalikuwa yamekwisha. Majeruhi walilazwa kwenye kibonde kilimani, katikati ya duara la nyumbu na farasi, wakiomba japo tone.

Watu wakajitolea. Mmoja wao alikuwa Thomas Callan wa Kompania B, mhamiaji kutoka kaunti ya Louth, Ireland. Walishuka korongoni na sufuria za jikoni na chupa za maji, kisha wakakimbia mahali peupe hadi mtoni huku risasi zikiwanyeshea kutoka vichaka vya ng'ambo. Walenga shabaha wanne wa Kompania H walisimama wima kileleni, makusudi, ili wao ndio walengwe.

Mwairishi mwingine aliyejitolea, Michael Madden, alivunjwa mguu kwa risasi. Dkt. Henry Porter aliukata hapa hapa kilimani. Madden hakupewa nishani, ingawa kwa kweli alistahili.

Callan alitunukiwa Nishani ya Heshima mwaka 1896, miaka 20 baadaye. Mapigano haya yalizaa nishani 24.

Walakota, Wacheyenne na Waarapaho nao walipigana kishujaa, wakilinda kambi iliyojaa wake na watoto wao. Mnara wao wa kumbukumbu, uliozinduliwa mwaka 2003, uko karibu na Last Stand Hill. Tafadhali ufikie kabla hujaondoka.