Picha zilizofika mahakamani Bukavu

Wengi wetu huku kambini tumebeba picha za nyumbani kwenye simu. Basi tukumbuke Septemba 2018. Mahakama ya kijeshi ya Kivu ya Kusini, pale Bukavu, iliwafunga maisha makamanda wawili wa FDLR kwa mauaji ya Kamananga na Lumenje ya mwaka 2012. Kati ya ushahidi kulikuwa na picha zilizopigwa kwa programu ya eyeWitness. Hii inahifadhi saa, mahali, na alama inayoonyesha kama kuna mtu ameichezea picha. Mashahidi walisema pia, tena kwa ujasiri, lakini picha haitishwi na mtu. Shida yetu ni WhatsApp: ukituma picha kule kikawaida, ile saa na mahali vinafutika. Ile ya kwanza usiifute, hata simu ikijaa.